Kovu la Mume Wangu na Paji la Waklingon

Mume wangu ana kovu juu ya nyusi ya kulia. Alipokuja kwetu kuposa, aliwaambia baba zangu kwamba alilipata uwanjani, akiwa golikipa wa timu ya shule. Watoto wetu wanajua kwamba alianguka kutoka juu ya mnazi akimwokoa paka. Mafundi wa gereji wana habari nyingine kabisa, ya majambazi watatu usiku wa manane, ambayo mimi niliisikia kwa bahati tu, nimekaa kiti cha nyuma nikisubiri wamalize kubadilisha oili. Miaka yote hiyo hadithi hizi ziliishi kwa amani, kila moja na wasikilizaji wake, wala hakuna aliyewahi kuzikutanisha. Zilikuja kukutanishwa na Star Trek.

Chanzo ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliyekuja kukaa kwetu kwa muda mfupi wakati anatafuta chumba, na mpaka leo chumba hakijapatikana. Alikuja na begi moja la nguo na diski iliyojaa tamthilia za Kimarekani za zamani. Sebule ikageuka kibanda umiza. Baada ya Isha, sahani zikishaondolewa, shemeji anasimama pembeni ya televisheni na kumtafsiria mama yake kwa sauti, anaigiza wote, wanaume, wanawake na mashine, na pale asipoelewa anaongeza vya kwake. Mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Bibi na sisi wengine tumefuata huko huko, sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa na duka la rejareja Pangani. Kiingereza hajui. Hesabu anajua.

Tulianza na Star Trek ya mwanzo kabisa, iliyorushwa mara ya kwanza na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na kukatwa mwaka 1969, baada ya misimu mitatu na sehemu 79. Kuna chombo cha anga kinachoitwa Enterprise, nahodha wake Kirk, na msaidizi wake Spock mwenye masikio yaliyochongoka. Sehemu mbili zilipita salama. Kwenye ya tatu, binti yangu wa kidato cha pili akasema simamisha. Sare za wanachombo hazikuwa zile za juzi. Daktari alikuwa mwingine, mzee wa mvi, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyeuliza yule wa kwanza kaenda wapi.

Sababu yake, kumbe, ni ya kibiashara. Sehemu hiyo, "Where No Man Has Gone Before", ilipigwa mwaka 1965 ikiwa jaribio la pili, baada ya jaribio la kwanza kukataliwa na kituo. Siku ya kurusha ilipokaribia, wakubwa wakataka mambo yaanze na zimwi. Wakatanguliza ile ya kiumbe anayenyonya chumvi yote mwilini mwa mtu, na jaribio likasukumwa mpaka nafasi ya tatu. Mtazamaji akaletewa leo kwanza, jana ikafuata.

Ndani ya jaribio hilo hilo ndimo mnamo kaburi. Rafiki wa siku nyingi wa nahodha amepata nguvu za ajabu, anaumba vitu kwa kunyoosha mkono, na anamchimbia Kirk kaburi lenye jiwe na jina juu yake: James R. Kirk. Haukupita muda nahodha yule akawa James T. Kirk, na ndivyo alivyobaki. Hiyo T yenyewe ilikaa mpaka mwaka 1974, kwenye tamthilia ya katuni, ndipo ikaelezwa kuwa ni Tiberius.

"Astaghfirullahi," alisema Bibi. "Mtu ana nguvu ya kuumba kaburi, na herufi ya jina la rafiki yake haijui?"

Shemeji akatueleza kwamba kwenye upigaji wa filamu huwapo mtu anayekaa karibu na kamera na karatasi zake, anaandika kikombe kilikuwa mkono gani, kifungo kipi kilikuwa wazi, nywele zililala upande upi, ili kesho wakirudia visipishane. Binti yangu hakusubiri kuteuliwa. Alichomoa kaunta buku iliyokusudiwa Kemia, akapiga mistari: tarehe, aliyesema, alichosema kwanza, alichosema baadaye. Ukingoni akaongeza safu nyembamba ya makosa ya baba mdogo, kwa sababu kwa tafsiri ya shemeji mama yake Spock aliwahi kuwa shangazi yake kwa usiku mzima.

Ingawa kwa Spock hata waandishi wenyewe hawakuwa na uhakika. Mwanzoni anasema mmoja wa mababu zake alioa mwanamke wa duniani. Mwaka 1967 mama yake mzazi anaingia chomboni kwa miguu yake, anaitwa Amanda, na ni binadamu. Katika lile jaribio lililokataliwa Spock anatabasamu, meno nje, kwa sababu ameona majani ya buluu yanayotoa sauti. Baadaye tukaambiwa watu wa kwao hawaonyeshi hisia, na sifa hiyo ndiyo iliyomfanya apendwe dunia nzima. Daktari McCoy anataja kwamba sayari yao iliwahi kutekwa. Msimu unaofuata Spock mwenyewe anasema haijawahi kutekwa tangu wakumbuke. Mume wangu, aliyekuwa akisoma gazeti na kujifanya haangalii, alisema mtu ana haki ya kuboresha historia yake. Binti akamtazama kidogo, kisha akaandika kitu.

Mimi naona waandishi wale wanaonewa. Mwaka 1966 mtu aliona sehemu moja kwa wiki, mara moja, hana pa kuirudia. Nani angekumbuka mwezi wa tano babu wa Spock alitajwaje mwezi wa tisa? Kilichoiumbua ni mapenzi. Tamthilia ilipokatwa, vituo vya mikoani kule Marekani viliinunua, na miaka ya 1970 vikawa vinairudia jioni hadi jioni, mfululizo, mpaka watoto waliorudi shule wakaihifadhi. Hapo ndipo R na T zilipokutana uso kwa uso. Zamani zilikuwa zikipishana njiani bila kujuana.

Usiku ambao Bibi alisogeza mkeka mbele ni ule wa Uhura. Katika ile sehemu ya zimwi la chumvi, kiumbe anajigeuza mwanamume mweusi mtanashati, anamwendea Uhura wa mawasiliano na kumsemesha Kiswahili. Shemeji akafungua mdomo atafsiri.

"Hebu nyamaza wewe," Bibi alisema. "Hapa nasikia mwenyewe."

Akamsamehe lafudhi. Tukamsimulia kwamba mwigizaji, Nichelle Nichols, alikwenda kwenye usaili na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, na jina la mhusika likachongwa kutoka kwenye jalada lile. Jina lake la kwanza, Nyota, halikusikika kwenye skrini mpaka filamu ya mwaka 2009. Bibi alihesabu kwa vidole. "Miaka arobaini na mitatu anafanya kazi na watu, hakuna aliyemuuliza jina?"

Lakini alichoshindwa kukisamehe ni mashine ya msimu wa pili, ile iitwayo Nomad, iliyofuta kila kitu kichwani mwa Uhura. Nesi anakaa naye kumfundisha upya, herufi kwa herufi, na mwanafunzi akikwama anapandisha hasira kwa Kiswahili. Daktari anaahidi kwamba wiki moja inatosha kumrudisha kazini, na kweli tukamkuta ameketi mahali pake anapokea simu za anga, elimu yote imerudi.

"Kama kimefutwa chote," Bibi aliuliza, "Kiswahili kaachiwa na nani?"

"Mama, lugha aliyoinyonya mtu haifutiki."

"Basi wasingehangaika na nesi. Wangemleta Pangani."

Binti yangu naye akataka ijulikane kwamba Kemia anayo mwaka wa pili sasa na bado haijaingia, na yeye hakufutwa na mashine yoyote.

Baada ya hapo tukarukia Voyager, tamthilia ya ukoo huo huo ya mwaka 1995, kwa sababu nahodha wake ni mwanamke na Bibi alikuwa ameomba. Chombo kimetupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ya miaka 75, hakuna bandari, hakuna duka. Mapema kabisa katika msimu wa kwanza tunaambiwa makombora yaliyobaki ni 38 na hakuna namna ya kupata mengine. Mtu aliyeuza duka miaka yote ile hawezi kusikia neno kama hilo akalala. Bibi alimtuma kitinda mimba wetu alete bao, akahesabu komwe 38 kutoka katika zile 64, akazipanga kwenye sinia. Kila kombora likipigwa, komwe moja inarudi mfukoni. Tukajifunza kuangalia vita kwa uchungu. "Taratibu!" alikuwa akimkemea Nahodha Janeway. "Hujui kesho!"

Sinia likaisha. Chombo kikaendelea kupiga. Bibi alikaa na sinia tupu magotini akasubiri maelezo, na maelezo hayakuja, wala msimu uliofuata, wala uliofuata huo. Shemeji akajaribu kusema labda walijifunza kuyatengeneza wenyewe. "Nani katuambia?" Akajaribu vyombo vidogo vya kutokea nje, ambavyo navyo vinalipuka kila mara na bado vipo. Na ule ukuta uliobomoka jana, mbona leo una rangi mpya? Bibi akatoa hukumu yake: kule ndani kuna mtu anaiba upande wa kuongeza. Wezi wote aliowajua walikuwa wakipunguza.

Katikati ya yote haya nyumba yetu ina choo kimoja, na ndicho kilichotupa jibu bora kuliko yote. Khan, adui mkubwa wa Kirk, anaonekana mara ya kwanza mwezi Februari 1967. Kijana wa Kirusi Chekov anajiunga na tamthilia msimu unaofuata, Septemba. Halafu kwenye filamu ya mwaka 1982 Khan anamkodolea macho Chekov na kusema uso huo anaukumbuka. Ameuona wapi? Walter Koenig, aliyemwigiza Chekov, amekuwa akiwachekesha mashabiki kwamba kijana alikuwamo chomboni siku zote, ila alijifungia chooni, na Khan alisimama nje akisubiri kwa mateso mpaka mlango ulipofunguliwa, ndiyo maana uso ule hakuusahau. Wote tuligeuka tukamtazama shemeji, ambaye asubuhi huingia na simu na kutoka saa mbili. Tangu siku hiyo watoto wakigonga mlango ule wanaita, "Chekov! Shikamoo! Tutachelewa shule!"

Niliandika habari hii yote ili nifike kwenye mapaji ya uso.

Waklingon, wale watu wa vita, walipotokea mara ya kwanza mwaka 1967 walikuwa waigizaji wenye ndevu na weusi wa kupakwa, paji laini, kwa sababu fedha ya vipodozi haikuwepo. Mwaka 1979 ikatengenezwa filamu ya sinema, fedha ikapatikana, na Waklingon wakaja na mifupa iliyofumuka kutoka puani mpaka utosini. Hakuna aliyesema neno. Mambo yangeishia hapo, lakini mwaka 1996 watengenezaji wa tamthilia nyingine ya ukoo huo, Deep Space Nine, waliwachukua wahusika wao wakawachomeka kwa kompyuta ndani ya sehemu ya mwaka 1967. Mmoja wao ni Worf, Mklingon wa paji la mifupa. Amekaa kwenye baa, na pembeni wamekaa Waklingon wa paji laini. Wenzake wanawatazama wale, wanamtazama yeye. Wanaanza kubuni: labda virusi, labda waliingiliwa kwenye mbegu. Worf anakunja uso na kuwaambia kwamba jambo hilo hawalizungumzi na watu wa nje.

Bibi alipiga makofi. Akaomba irudishwe nyuma aisikie tena.

Kwa maoni yangu hakuna mwandishi wa tamthilia aliyewahi kuziba tundu vizuri kuliko pale, na sielewi kwa nini mwaka 2005 wengine walikwenda kulifumua. Katika Enterprise, tamthilia ya zama za nyuma zaidi, walitumia sehemu mbili nzima kueleza kwamba wanasayansi wa Kiklingon walichezea mbegu za binadamu walioboreshwa, ikazuka maradhi, na tiba ya daktari ikawaokoa roho lakini ikawalainisha mapaji. Imeeleweka. Sasa nieleze: wale wakuu watatu, Kor, Koloth na Kang, waliokuwa na paji laini zama za Kirk, wamepataje mifupa walipozeeka, kama tulivyowaona mwaka 1994, waigizaji wale wale? Kiraka kimeacha matundu matatu pembeni yake. Mume wangu alitetea kiraka kwa nguvu zote. Yeye anapenda jambo liwe na maelezo.

Sasa ikaja siku ya washenga. Wifi yangu, mdogo wao wa mwisho, alikuwa amepata mchumba wa kueleweka, na wazee wa upande wa kijana wakaja na barua. Mume wangu alikaa mahali pa marehemu baba yao. Nilipika pilau ya mbuzi, kachumbari, juisi ya ukwaju. Televisheni ilifunikwa kitambaa. Shemeji alivaa kanzu ya kaka yake. Yote yalikwenda kwa heshima mpaka baada ya kunawa, mshenga mkuu alipoamua kuchangamsha baraza. Akaonyesha alama kwenye kiwiko chake, akasimulia punda aliyemrusha utotoni, tukacheka wote. "Na wewe mwenzangu," akamgeukia mume wangu, "hilo la usoni?"

"Ah, mpira tu, mzee. Nilikuwa nadaka."

Kitinda mimba alikuwa anapitisha vijiti vya meno. "Baba, si ulianguka kwenye mnazi? Na paka?"

Wazee walitabasamu, mtoto ni mtoto. Na hapo labda ingepita. Lakini mshenga kijana, aliyekuwa kimya tangu aingie, akainua kichwa na kumtazama mwenyeji wake vizuri. Gari lake, ikawa, linatengenezwa gereji ile ile. "Kumbe ni wewe, kaka! Wa wale majambazi!"

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakusema chochote. Kaunta buku ilikuwa kwapani. Baba yake aliiona, na ninaamini kama asingeiona angenyamaza. Badala yake akaanza kuunganisha. Ilikuwa mechi, alisema, uwanja wenyewe uko kwenye shamba la minazi. Mpira ukapigwa ukakwama juu ya mnazi, kule juu kulikuwa na paka, sasa yeye kama golikipa ndiye aliyetakiwa kupanda.

"Na majambazi?" aliuliza mshenga mkuu, kwa nia njema kabisa.

"Walikuwa wanapita."

"Watatu? Uwanja wa shule? Mchana?"

"Ilikuwa inaelekea jioni."

Shemeji alikuwa ameuma kofia yake. Wifi yangu, ambaye kwa desturi alitakiwa asisikie lolote, alisikia lote nyuma ya pazia, na pazia lilitikisika. Mume wangu akavuta pumzi ili amfikishe paka hospitali, ndipo Bibi aliyekuwa mkekani akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Baba," alimwambia mshenga mkuu, "hayo sisi hatuyazungumzi na watu wa nje."

Alisema kwa sauti ya chini, bila kucheka, na uso ameukunja hasa. Mzee yule alishika kifua na kuinamisha kichwa. "Wallahi kweli, mama. Tuwie radhi." Mazungumzo yakahamia kwenye mvua za vuli, kisha bei ya mchele, na waliondoka wakituona watu wenye siri nzito na heshima zake. Nilisikia baadaye kwamba huko kwao tumesifiwa.

Usiku ule binti alimfuata Bibi chumbani kutaka jambo lenyewe lilivyokuwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo.

"Mimi sio mtu wa nje," alilalamika.

"Si mtu wa nje," Bibi alikubali. "Lakini una daftari."

Tukarudi sebuleni kufungua barua. Bahasha ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa cheupe, na fedha ya kufungulia imo. Shemeji akasoma, kwa sauti moja tu safari hii. Barua ilikuwa nzuri, mwandiko wa mtu aliyefundishwa na walimu wa zamani, salamu ndefu, nasaba imepangwa, hadi alipofika kwenye jina la bibi harusi. Jina lake, nukta, kisha P. Jina la marehemu baba yao linaanza na R.

"James R. Kirk!" binti yangu alipiga kelele, akaruka kutoka kwenye kiti.

Ukafunguliwa mjadala. Barua yenye kosa hairudishwi hivi hivi. Washenga waitwe tena, wazee wakubaliane siku, pilau ipikwe upya, na Ramadhani ilikuwa imekaribia, mwezi ambao hakuna anayeoa. Ikikaa bila kusahihishwa, je, ameposwa nani? Shemeji akapendekeza P iwe ya Pangani. Mume wangu, mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na maelezo.

"Nipeni kalamu," alisema wifi yangu.

Alikaa chini, akailaza barua juu ya lile sinia la makombora, akaichorea P mguu. Akairudisha kwenye kitambaa na kwenda kulala. Binti yangu alisubiri mlango ufungwe, akafungua kaunta buku na kuandika kwamba barua ni ya wino wa buluu, mguu ni mweusi.